Boti Inayotaka Kupaa: Kwa Nini Boti za Mashindano Hupinduka, na Bili Inayofuata

Simama karibu na uzio wa uwanja wa ndege wa Wilson uangalie Cessna 172 ikiondoka. Inakimbia, inafika kilomita 100 hivi kwa saa au zaidi kidogo, pua inainuka, magurudumu yanaachana na lami. Ndege hiyo ina uzito wa tani 1 na ushei, na mabawa yake yana eneo la mita za mraba 16. Sasa chukua boti ya mashindano ya bahari kuu: urefu wa mita 13, uzito wa karibu tani 5, na ukiitazama kutoka juu, eneo lake linazidi mabawa ya Cessna zaidi ya mara mbili. Ikimbize kilomita 200 kwa saa. Hewa haijui kwamba hicho ni chombo cha majini, inakibeba vilevile. Tofauti ni kwamba ndege ina mkia wa kuirudisha pua chini. Boti haina.

Watu wengi wa Nairobi hukutana na mchezo huu kwenye simu. Video ni ya sekunde 10: boti inaruka, inapiga kichwangomba, maji yanatapakaa, na chini yake maoni mia moja yanasema dereva amegonga wimbi. Wimbi lilikuwepo kweli. Lakini mara nyingi wimbi huinua pua tu. Kinachomaliza kazi ni hewa. Kosa la namna hiyohiyo hurudiwa kwenye kukadiria uharibifu, pale mtu anapotazama tundu lenye ukubwa wa ngumi na kudhani ameona kilichovunjika.

Tuanze na tumbo la boti. Hadi miaka ya 1950 boti nyingi za kasi zilikuwa na tumbo lililo bapa au karibu bapa upande wa tezi, yaani nyuma ya boti. Tumbo bapa hupanda juu ya maji kwa nguvu ndogo, ila likitua juu ya wimbi hupiga kama kofi. Mbunifu wa Marekani, Ray Hunt, alichora tumbo la umbo la V lililoendelea na ukali wake hadi tezi, likiwa na mwinamo wa nyuzi 24 hivi kila upande. Dick Bertram aliingia na boti ya aina hiyo, Moppie, katika mbio za Miami hadi Nassau mwaka 1960. Bahari ilikuwa chafu siku hiyo. Alimaliza kwa saa 8 hivi, na wengi waliofika baada yake walifika kesho yake. Mwaka uliofuata Uingereza ilianzisha mbio za Cowes hadi Torquay, na tangu hapo hakuna aliyerudi kwenye tumbo bapa kwa ajili ya bahari kuu.

V kali hupasua wimbi badala ya kulipiga, lakini hudai malipo yake. Huzama zaidi, hutaka injini kubwa zaidi, na kasi ikipanda boti hubaki imekaa juu ya ukanda mwembamba wa mkuku, uti wa chini wa tumbo, ikianza kuyumba kulia na kushoto kama baiskeli ya mtu aliyeachia usukani. Dereva mgeni hujaribu kuuzuia kila myumbo kwa usukani. Mkono wake huchelewa, kwa hiyo kila rekebisho linaongeza nguvu kwenye myumbo unaofuata, mpaka boti inalala ubavu. Dawa ni kutuliza usukani, kushusha trimu (pembe ya propela na mabapa ya nyuma, inayoinua au kushusha pua) kidogo ili sehemu kubwa zaidi ya tumbo ishike maji, na kupunguza mafuta taratibu.

Baadaye wabunifu walikata vidato chini ya tumbo, ngazi za sentimita chache tu, ili hewa iingie na kupunguza eneo linalosuguana na maji. Kasi iliongezeka kwa injini zilezile. Ila tezi iliyokaa juu ya mapovu haina mshiko wa kutosha kwenye kona. Dereva akikata kona na kuachia mafuta katikati yake, pua inashuka, sehemu ya mbele ya mkuku inauma maji na kuwa mhimili, tezi inazunguka kwenda mbele, na watu wanarushwa nje kwa ubavu. Mtu anayeendesha gari kwenye mteremko wa Mai Mahiu anaijua kanuni hii kwa sura nyingine: mwendo hupunguzwa kabla ya kona. Kwenye boti yenye vidato, punguza mafuta mapema, shusha trimu, ingia konani, kisha ongeza mafuta kidogo kidogo ili tezi ibaki imeshika.

Katika madaraja ya juu, V imeiachia nafasi katamarani. Aliyewahi kufika Diani ameona ngalawa na matengo yake mawili yanayoizuia isilale. Katamarani ya mashindano haina mtumbwi wa katikati: ni matumbo mawili membamba, na kati yake handaki ambalo hewa huingia kwa mbele, ikabanwa, ikabeba sehemu ya uzito wa boti. Kadiri hewa inavyobeba zaidi, ndivyo matumbo yanavyosugua maji kidogo. Katika Class 1, daraja la juu linalosimamiwa na UIM, chama cha kimataifa cha mchezo huu chenye makao Monaco, boti za sasa hufunga injini mbili za Mercury Racing za nguvu farasi 1,100 kila moja, na kasi hupita kilomita 250 kwa saa.

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Hewa ya usawa wa bahari ikikujia kwa kilomita 100 kwa saa ina msukumo wa karibu kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Kwa kilomita 200 si kilo 94. Ni karibu 190, kwa sababu kasi ikizidishwa mara mbili msukumo huzidi mara nne. Kwa kilomita 250 ni karibu 295. Kiasi gani cha msukumo huo kinageuka kuwa nguvu ya kuinua hutegemea umbo la handaki na pembe ya pua, na pembe ndiyo yenye hila.

Kitovu cha uzito wa boti kiko nyuma, karibu na injini. Kitovu cha mbebo wa hewa kiko mbele yake. Pua ikiinuka kidogo, hewa inapata eneo zaidi la kusukuma. Ikisukuma zaidi, pua inainuka zaidi. Chombo chenye mpangilio huo hakijirudishi chenyewe kikishapotea. Maadamu propela na mabapa ya trimu vimo majini, wafanyakazi wana cha kushika. Vikishatoka, boti ni karatasi kwenye upepo, na muda uliobaki ni chini ya kupepesa jicho mara mbili.

Ongeza upepo halisi wa baharini. Boti inayokwenda kilomita 200 dhidi ya upepo wa kilomita 30 inakutana na hewa ya kilomita 230. Mbebo unapanda kwa karibu theluthi moja. Ikizunguka boya na kurudi na upepo mgongoni, inakutana na hewa ya kilomita 170, na mbebo unashuka kwa zaidi ya robo. Kati ya upande mmoja wa njia na mwingine, kwa kasi ileile kwenye kipimo, hewa inabeba karibu mara mbili. Kwa hiyo upande wa kwenda dhidi ya upepo ndio wa kupinduka kinyumenyume. Upande wa kurudi una hatari yake nyingine: boti imekuwa nzito ghafla, mawimbi yanakwenda njia moja nayo, na omo, yaani mbele ya boti, inachoma mgongo wa wimbi lililo mbele. Hilo la pili haliwi na picha ya kupendeza, maana boti hupotea tu ndani ya maji meupe. Kwa mifupa ya watu huwa baya zaidi.

Ndiyo sababu ndani ya boti hizi wanakaa watu wawili wenye kazi zilizogawanywa. Dereva anashika usukani. Mwenzake anashika mafuta na trimu, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Boti ikiruka, propela hazina tena maji ya kusukuma, na injini hukimbilia mizunguko ambayo vali na shafti hazikutengenezewa. Inabidi apunguze mafuta boti ikiwa hewani, kisha ayarudishe muda mfupi tu kabla haijatua. Akichelewa kupunguza, injini inajiua. Akirudisha mapema mno, propela zinagonga maji zikiwa zinazunguka kupita kiasi, na mshtuko unapanda hadi kwenye gia. Meno ya gia yakikatika upande mmoja, boti inasukumwa na propela moja tu na kuvutwa ubavu papo hapo. Wengi wanaotafuta kosa la dereva kwenye video wangetazama kwanza mkono wa mwenzake, au gia.

Boti nyingi pia zina tangi la maji omoni. Bahari ikichafuka au upepo ukiwa wa mbele, maji huingizwa ili kuikalisha pua. Uzito huo unakula kasi, kwa hiyo kila mshindani hushawishika kuupunguza. Ajali kadhaa huanzia kwenye uamuzi huo, asubuhi, boti ikiwa bado juu ya trela.

Wimbi lenyewe halihitaji kuwa kubwa. Tarehe 23 Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight nchini Uingereza, Didier Pironi, aliyekuwa dereva wa Ferrari katika Formula One, aliipeleka boti yake Colibri juu ya mkondo ulioachwa na meli ya mafuta. Boti ilipinduka, akafa yeye na wenzake wawili. Mkondo wa meli una hila ambayo bahari haina: unakatiza mpangilio wa mawimbi uliokwisha kuzoeleka, kwa pembe nyingine, na kwenye mwanga mbaya hauonekani hadi umeufikia.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 3 Oktoba 1990, Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia mtetezi, alikufa karibu na pwani ya Monaco baada ya katamarani yake, Pinot di Pinot, kupinduka. Mwenzake, Patrice Innocenti, alirushwa nje akapona. Boti ilikuwa ya wazi. Zamani palikuwa na hoja kwamba ni heri mtu atupwe nje kuliko kufungwa ndani ya chombo kinachozama, na kwa kasi za miaka ya 1960 hoja hiyo ilikuwa na akili. Kwa kasi mpya haikuwa nayo tena. Baada ya Monaco sheria ziliegemea upande wa kibanda kilichofunikwa na mikanda.

Kwa nini kibanda kiwe kigumu hivyo? Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa mara 800 na zaidi. Kwa kilomita 200 kwa saa, maji yanayokutana na uso bapa yanasukuma kwa kilo 16 kwa kila sentimita ya mraba. Chukua karatasi moja ya A4 uiweke kwenye kioo cha mbele: juu ya eneo hilo dogo pana tani 10. Kioo cha gari kingevunjika papo hapo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 Wamarekani walianza kufunga vifuniko vya ndege za kivita za F-16 kwenye boti zao, na ndiyo maana leo kibanda hujengwa kama yai linalojitegemea, la nyuzi ngumu za Kevlar na kaboni, ambalo hubaki zima hata boti ikimeguka kulizunguka.

Mikanda nayo ina hesabu yake. Boti iliyokuwa kwenye kilomita 200 ikisimama ndani ya umbali wa mita 13, yaani urefu wake yenyewe, mtu wa kilo 80 anaivuta mikanda kwa uzito wa karibu tani 1. Mkanda wa mabega mawili na kiuno pekee humwacha mtu ateleze chini yake. Unahitajika ule wa kati ya miguu, na kizuizi cha shingo kinachoshikana na kofia.

Halafu boti imelala kichwa chini, maji yanaingia, giza. Kabla ya kupewa leseni, mshindani hufungwa kwenye kibanda cha mazoezi, akapinduliwa ndani ya bwawa, atoke mwenyewe. Mfuatano haubadilishwi: shika kitu kimoja kisichosogea ili ujue juu ni wapi, tia kinywani chombo cha hewa ya akiba na uvute pumzi moja ya kuhakikisha, ondoa usukani, fungua mlango wa dharura na uushike, ndipo ufungue mikanda. Anayefungua mikanda kwanza huanguka kichwa chini, akapoteza mwelekeo, na kuutafuta mlango usipokuwepo. Hata hivyo vifo havijaisha. Mwaka 2011, huko Key West, Florida, washindani watatu walikufa ndani ya wiki moja.

Watu wakishatoka wazima, inabaki maiti ya boti, na hapa pesa huanza kupotea kwa haraka ya wenye boti wenyewe. Katamarani iliyopinduka ina maji ndani ya matumbo mawili, na kila mita ya ujazo ni tani 1. Ikiinuliwa kwa kreni kwa pupa, maji yanakimbilia upande mmoja na kuvunja kuta za ndani ambazo ajali ilikuwa imeziacha. Inafaa igeuzwe kwa mifuko ya hewa, isimamishwe usawa wa maji, pampu zifanye kazi, ndipo iinuliwe polepole, ikisimama kila baada ya sentimita chache imwage.

Injini zina saa, hazina siku. Maji ya chumvi yakiwa bado yamezijaza, kutu haiendi mbio. Hewa ikiingia, inakwenda. Usiguse stata. Toa plagi zote, zungusha krenki kwa mkono maji yatoke, osha kwa maji baridi mengi, fukuza maji kwa dizeli au mafuta mepesi, badilisha oili, zungusha tena, badilisha tena hadi isitoke nyeupe kama maziwa. Kama fundi hapatikani siku hiyo, ni nafuu kuiacha injini imezama kwenye pipa la maji baridi kuliko kuiweka juu ya benchi ikauke. Lakini injini iliyomeza maji ikiwa inazunguka ni habari nyingine. Maji hayabanwi, pistoni haina pa kwenda, konrodi hupinda. Huenda ikawaka, ikanguruma vizuri, kisha ikatoboa ubavu wake wiki mbili baadaye. Hiyo hufunguliwa yote bila mjadala. Kompyuta ya injini, sensa na nyaya haziokolewi. Zihesabu kama zimekwenda.

Ngozi ya boti ndiyo hudanganya zaidi. Boti hizi zimejengwa kama sandwichi: ngozi ya kaboni au Kevlar nje, kiini chepesi cha povu gumu au mbao ya balsa katikati, ngozi nyingine ndani. Kipigo hukata kiini kwa mshazari au hukibandua na ngozi, na ngozi yenyewe hurudi mahali pake bila alama. Kwa nje unaona ufa mwembamba. Boti ikirudi baharini, kila kofi la maji linapigilia maji ndani ya ufa, na ngozi inachunika kutoka mbele kwenda nyuma.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtambo. Chukua sarafu ya shilingi 20, gonga kila sentimita 5, sikiliza. Pazima hulia kwa sauti kavu. Palipobanduka hujibu kwa sauti iliyokufa, kama ukuta wenye tundu. Weka alama kwa chaki, endelea hadi sauti nzuri irudi pande zote. Si ajabu tundu la ngumi likazungukwa na mita 2 za mraba za sauti mbaya. Mtambo wa mawimbi ya sauti huja baadaye, kuthibitisha kina.

Matengenezo ni kukata vyote vilivyokufa, kukausha, kuweka kiini kipya, kisha kusaga kingo za ngozi kwa mteremko mrefu ili tabaka mpya zishikane na za zamani. Kwa faiba ya kawaida mteremko wa mara 12 ya unene unatosha. Kwa kaboni inayobeba mzigo, mara 20 au zaidi. Ngozi ya milimita 4 kwa mara 20 hudai milimita 80 kila upande, na hivyo tundu la sentimita 10 linakuwa kidonda cha sentimita 26 kabla ya kuweka tabaka la kwanza.

Fundi wa Nairobi akiifanya kazi hii ana jambo la kuangalia ambalo maelekezo ya kiwandani hayalitaji. Tabaka hubanwa kwa mfuko wa plastiki unaonyonywa hewa, na kinachobana ni uzito wa hewa ya nje. Mombasa hewa hiyo inaweza kubana hadi tani 10 kwa mita ya mraba. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, haifiki tani 8.5 hata pampu iwe nzuri namna gani. Kipimo cha utupu kilichoandikwa kwa karakana ya pwani hakifikiki hapa. Tena resini ya epoksi iliyoachwa usiku wa Julai kwenye karakana isiyo na joto hukauka nusunusu. Lazima ijengewe hema la joto na kupikwa kwa nyuzi zilizoandikwa na mtengenezaji. Na kuileta boti yenyewe Nairobi si kazi ndogo: haiingii kwenye kontena la futi 40, na kwa upana wake huhitaji kibali cha mzigo mkubwa barabarani. Ni rahisi zaidi kumpandisha fundi SGR na vifaa vyake hadi Mombasa.

Sasa bili. Injini moja ya mashindano ya zaidi ya nguvu farasi 1,000 hupita dola 100,000, yaani karibu shilingi milioni 13 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, na boti ina mbili. Boti nzima ya daraja la juu, mpya, hupita dola milioni 1. Katika matengenezo ya ngozi, kitambaa cha kaboni chenyewe si sehemu kubwa. Kinachokula pesa ni saa za kusaga, kukausha na kungoja, na kupima upya mpangilio wa injini na shafti, maana tumbo likipinda milimita chache boti itavuta upande mmoja daima.

Bima ndipo wengi hushtuka. Masharti ya kawaida ya London kwa boti za starehe, ambayo soko letu pia huyafahamu, yana kifungu maalumu kwa chombo kilichobuniwa kwenda zaidi ya noti 17, yaani kilomita 31 kwa saa. Matatu iliyopata nafasi Jogoo Road inaipita kasi hiyo. Kifungu hicho huondoa uharibifu unaotokea boti ikiwa kwenye mashindano, vipimo vya kasi, au majaribio yanayohusiana navyo. Mwenye boti ya mashindano anahitaji mkataba tofauti, wa gharama kubwa, na mara nyingi sehemu ya kwanza ya hasara ni yake mwenyewe.

Pia kuna hasara kamili ya kimahesabu, ambayo Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya, Sura ya 390, inaitambua: gharama ya kuitengeneza boti ikizidi thamani yake itakapokuwa imetengenezwa, inahesabiwa imepotea hata kama iko mbele yako juu ya trela. Hapo ugomvi huwa juu ya mita zile za mraba zenye sauti iliyokufa: zilitokana na ajali hii, au zilikuwepo tangu mashindano ya mwaka jana? Mkaguzi ana haki ya kuuliza. Jibu lenye nguvu ni ramani ya sarafu iliyochorwa kabla ya mbio, kila upande wa tumbo, ikiwa na picha na tarehe. Kuichora huchukua watu wawili siku moja.